BMW au Mercedes kwa Njia ya Rongo: Mafunzo Niliyopata

Nina maduka mawili ya dawa, moja Migori mjini na jingine Homa Bay, na baina yao kuna takriban kilomita 70 za lami. Unatoka Migori, unapita Uriri na Awendo, ukifika Rongo unakata kushoto, kisha Rodi Kopany hadi ziwani. Njia hiyo ndiyo ofisi yangu ya tatu. Mwaka 2025 nilipoamua kuiuza Toyota Fielder iliyonitumikia miaka mingi, mawazo yalitulia juu ya magari mawili: BMW 320i ya umbo la F30 na Mercedes C200 ya umbo la W205, yote ya 2018. Ni sedani za kifahari zenye mbio, za nyumba mbili za Ujerumani ambazo zimeshindana tangu kabla ya mimi kuzaliwa.

Kila niliyemwambia alikuwa na jibu tayari, na karibu wote hawakuwahi kuendesha hata moja. Haya hapa ndiyo niliyojifunza kwa kuyapima mwenyewe.

1. Farasi ni walewale 184

Swali la kwanza la watu wa kwetu ni ipi inakimbia zaidi. Jibu lake ni fupi. 320i ya 2018 ina nguvu za farasi 184, na C200 ya 2018 ina farasi 184. Kwa barabara yenye matuta kila soko, huku mbele yako kuna Probox iliyopakia watu tisa na kuku, farasi wa Munich na farasi wa Stuttgart watafika Rongo pamoja.

Jambo la maana liko chini ya boneti, nalo halisomeki kwenye beji. 320i za mwanzo, za 2012 hadi 2015, zilikuja na injini iitwayo N20, na mafundi wanaijua kwa ugonjwa mmoja: plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi huchakaa na kuvunjika, cheni inalegea, na ikiruka injini imekwisha. Baadaye BMW waliweka injini nyingine, B48, ambayo ina sifa nzuri zaidi. Kwa nje magari hayo mawili ni kama ndugu wa tumbo moja. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba "zote ni 320i tu, madam". Ndiyo, na tofauti ya bei ya kuzitengeneza ingeweza kunifungulia duka la tatu.

Kwa C200 mambo yalinishangaza zaidi, kwa sababu mwaka 2018 wenyewe umekatwa vipande viwili. Za mwanzo wa mwaka zina injini ya lita 2.0. Katikati ya mwaka Mercedes walitoa toleo lililoboreshwa, na huko Japani, yanakotoka magari yetu mengi, C200 ikapewa injini ya chini kidogo ya sisi (cc) 1500 inayosaidiwa na mota ndogo ya umeme wa volti 48. Farasi walibaki 184, na beji ikabaki ileile. Mtu wa dawa huzoea haya: pakiti mbili zenye jina moja, moja ya miligramu 250 na nyingine ya 500, na mgonjwa anakwambia nipe ile ya kijani. Tangu hapo sikuuliza tena bei ya C200 kabla ya kuuliza ukubwa wa injini na mwezi ambao gari liliandikishwa.

2. Sisi 1500 ni mpaka wa kodi

Magari haya hufika kwetu yakiwa yametumika, na sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo mwaka 2025 kikomo kilikuwa 2018, na kuanzia Januari 2026 kikasogea hadi 2019. BMW waliacha kuunda sedani ya F30 mwaka huohuo wa 2018. Ndiyo kusema dirisha la kuagiza F30 lilikuwa linafungwa nikilitazama, na wauzaji walijua kulitumia hilo kukuharakisha.

Kodi ndiyo nusu ya bei. Chukua kila shilingi 100 za thamani ambayo KRA imeipa gari lako, si ile uliyolipa wewe, kwa sababu wana orodha yao ya bei wanayoanzia. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, unafika 135. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya petroli iliyozidi sisi 1500 ni asilimia 25 ya hizo 135, unafika karibu 169. Juu yake VAT ya asilimia 16, na sasa uko karibu 196, bado ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli. Mia imezaa mia nyingine. Injini isiyozidi sisi 1500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na hesabu ileile inaishia 188.

Kwa hiyo C200 ya nusu ya pili ya 2018, yenye injini ndogo, ina nafuu ya karibu shilingi nane kwa kila mia, thamani zikiwa sawa. Nilifurahi kwa muda wa chakula cha mchana. Halafu nikampigia fundi kumuuliza kuhusu mota ya volti 48, akanyamaza kidogo, akasema, "Daktari, hiyo ikiharibika tutapelekana Nairobi." Nafuu ya kodi unaipata mara moja. Mfumo wa volti 48 utakaa nao miaka yote.

3. Karatasi ya mnada husema yale ambayo rangi inaficha

Gari la Japani karibu kila mara limepita mnadani, na mnada hutoa karatasi ya ukaguzi. Mwombe muuzaji karatasi hiyo. Akikuambia imepotea, mwambie namba ya chesisi unayo, utaitafuta mwenyewe. Wapo wanaozifufua kwa ada ndogo, na mara nyingi ile iliyopotea huonekana ghafla kwenye simu yake.

Imeandikwa Kijapani, lakini huhitaji Kijapani. Juu kuna gredi: 4.5 ni gari safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina dalili za kutumika. Ukiona R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, wenye herufi kila upande. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa bodi na kupakwa rangi upya, S ni kutu, X ni kipande kinachostahili kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo, 1 ni dogo.

C200 ya kwanza niliyoipenda, nyeupe, ya Nairobi, ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani. Karatasi yake ilikuwa na W3 kwenye ubavu wa nyuma na XX kwenye mlango. Sikusema hata neno la ubaya juu ya Mercedes. Nilisema tu kwamba gari *lile* silitaki. Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo liliniongoza hadi mwisho. Hakuna yadi inayouza "Mercedes" wala "BMW". Kinachouzwa ni chesisi moja yenye maisha yake, na ndiyo unayotakiwa kuilinganisha na chesisi nyingine yenye maisha yake.

Kwa kilomita, linganisha tarakimu tatu: za karatasi ya mnada, za dashibodi, na za kibandiko cha kubadilisha oili ambacho Wajapani hukibandika kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti. Muuzaji mvivu hukisahau kukibandua. Kwa BMW kuna shahidi wa nne, kwa kuwa kilomita huhifadhiwa kwenye zaidi ya kompyuta moja ya gari, na mwenye mashine sahihi anaweza kuona kama zinapatana.

4. Nenda na rula

Hapa ndipo magari mengi ya ndoto zetu hufia, na hakuna gazeti la magari la Ulaya linaloliandika kwa namna inayotufaa.

Lami ya A1 kutoka Isebania kwenda Kisii ilikarabatiwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sehemu nyingi zake ni tamu. Homa Bay nayo ilipoandaa sherehe za Madaraka za Juni 1, 2025, barabara kadhaa za mjini zilirekebishwa. Shida kubwa haiko kwenye lami. Iko kwenye matuta, na iko pale lami inapoishia.

Tuta likiwa refu na jembamba, gari fupi huvuka hata kama liko chini, kwa sababu magurudumu ya nyuma hupanda upesi. Gari refu huweka tumbo juu ya tuta kabla ya magurudumu ya nyuma kufika. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, 320i ina milimita 2810, na C200 ina 2840. Ni sentimita tatu tu, na kwa tuta la kawaida hazina maana. Ila kuna matuta ambayo wananchi hujijengea baada ya mtoto kugongwa, ya udongo na mawe, yasiyo na rangi wala kibao, na siwalaumu. Kwa hayo kila sentimita ina kazi.

Niliingia chini ya kila gari na rula ya shule ya mwanangu. Vijana wa yadi walicheka. Nilipima plastiki iliyo chini ya injini, si bampa, maana bampa linaweza kukudanganya. Nilichogundua ni kwamba tofauti kati ya BMW na Mercedes ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya BMW moja na BMW nyingine. Ile inayoitwa M Sport, ambayo vijana wote wanaitaka kwa sababu ya bampa lake lenye hasira, imeshushwa milimita 10 na springi zake ni ngumu. Ile iitwayo Luxury ina krome kidogo, sura ya mzee wa kanisa, na iko juu kidogo. Injini ni ileile.

C200 nayo ina mtego wake. Baadhi zina springi za chuma na nyingine zina mifuko ya hewa. Yenye hewa hupanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, na ukiiendesha unahisi kama matuta yameondolewa usiku. Nilipanda moja ya wakili wa Homa Bay, aliyekubali tubadilishane magari kwa siku moja, na kutoka Rodi Kopany hadi mjini sikumwaga hata tone la chai. Nikamuuliza mfuko mmoja wa hewa unagharimu kiasi gani. Alitaja bei, na kwa bei hiyo unaweza kununua springi za chuma za gari zima, ulipe fundi na urudishiwe chenji.

Kisha kuna kilomita za mwisho. Kwa mume wangu ni Ndhiwa, na kuanzia barabara kubwa hadi bomani ni udongo mweusi, ule ambao ukinyeshewa hugeuka gundi. Magari haya yote mawili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa lami hilo ndilo linaloyapa raha yake ya kona. Kwa udongo mweusi wa Aprili, mgongo wa gari hutaka kutangulia mbele. Hapo hakuna mshindi. Msimu wa masika Fielder yangu ilikuwa ikifika mlangoni, na hakuna Mjerumani wa bei yangu atakayefika. Nilikubaliana na hilo mapema: mvua ikiwa kubwa, gari litalala kwa shemeji karibu na barabara, nami nitapanda bodaboda.

5. Matairi manne si lazima yawe ya saizi moja

M Sport niliyoiona Kisumu ilikuwa na rimu za inchi 18, mbele tairi za 225/45 na nyuma 255/40. Inapendeza sana ikisimama. Maana yake ni kwamba huwezi kuhamisha tairi za mbele kwenda nyuma zikianza kuisha, huna gurudumu moja la akiba litakalofaa kote, na ukuta wa tairi ni mwembamba kiasi kwamba shimo moja la Awendo linafika moja kwa moja kwenye rimu. Na Awendo si mahali pa kubahatisha usiku. Trela za miwa zinazoelekea kiwanda cha Sony hupita bila taa za nyuma, unakwepa trela, unaingia shimoni.

Rimu za inchi 17 hutumia 225/50 kwa magurudumu yote manne, na saizi hiyo ni moja kwa 320i na kwa C200. Nilipiga simu kwa wauza matairi wa Migori, Kisii na Kisumu, na saizi hiyo ndiyo pekee niliyoambiwa "ipo" mara moja.

Jingine ambalo wengi hawajui hadi siku ya msiba ni kwamba gari la aina hii kwa kawaida haliji na gurudumu la akiba. Limevalishwa tairi zinazoweza kwenda umbali fulani bila upepo, au limewekewa pampu ndogo na chupa ya gundi. Tairi hizo ni ngumu, hukutikisa meno, na zikipasuka ukuta hazizibiki. Vitabu vya BMW na Mercedes vyote vinasema buti ni la lita 480. Ukiweka gurudumu la akiba ndani, hesabu hiyo inabadilika, na mimi hubeba katoni.

6. Mtafute fundi kabla ya gari

Migori tuna mafundi wazuri sana wa Toyota. Wapo wanaoweza kuishusha giaboksi ya Probox chini ya mwembe na kuirudisha kabla ya magharibi. Lakini gari la Kijerumani la 2018 ni kompyuta nyingi zinazozungumza, na fundi asiyeweza kuzisikiliza atabadilisha vipuri, kimoja baada ya kingine, hadi pesa zako ziishe au tatizo lichoke.

Kuna vimashine vya bei rahisi vinavyochomekwa chini ya usukani na kutoa namba ya hitilafu. Vinasaidia, lakini havifiki mbali. Programu yenyewe ya BMW inaitwa ISTA, na ya Mercedes inaitwa Xentry. Nilipowauliza mafundi, sikuuliza "unatengeneza BMW?", kwa sababu hakuna fundi Kenya atakayejibu hapana. Niliuliza, "Unatumia ISTA? Nionyeshe." Kijana mmoja wa Kisumu alifungua kompyuta yake palepale, akanionyesha orodha ya magari aliyoyasoma wiki ile na hitilafu za kila moja. Kwa Xentry nilipata watu wenye uhakika Nairobi tu. Labda wapo karibu zaidi na sikuwafikia, lakini mimi siwezi kufunga duka kumtafuta fundi.

Kijana huyo ndiye aliyenifundisha vitu vya kusikiliza. Kwa C200 ya lita 2.0, fika asubuhi gari likiwa baridi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha simama karibu na boneti wakati linawashwa. Kukiwa na mlio wa kukwaruza kwa sekunde moja au mbili, kifaa cha kurekebisha kemshafti kinaanza kuchoka. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto gari kabla hujafika huenda ni mkarimu, huenda pia anajua kitu. Kwa 320i, chungulia mahali oili inapochujwa kama kuna unyevu, na uangalie mabomba ya plastiki ya maji ya kupozea, ambayo joto la miaka saba huyafanya yavunjike kama biskuti.

Aliniambia pia kuhusu giaboksi ya BMW hii, ya gia nane, inayoundwa na kampuni ya ZF. Wengi husema oili yake haibadilishwi maisha yote. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. "Maisha yote ya nani?" akaniuliza fundi. "Ya mtu wa kwanza, ama ya wewe wa tatu?"

7. Redio itakusalimia kwa Kijapani

Hili ni dogo, lakini utaishi nalo kila siku. Gari lililotoka Japani huja na ramani ya Tokyo na menyu ya Kijapani, na redio yake haishiki masafa yetu ya juu, kwa kuwa FM ya Japani huanzia 76 na kuishia kwenye tisini na kitu, na yetu huanzia 88 hadi 108. Kwa gari la kawaida fundi huweka kifaa cha kuongeza bendi na mambo yanaisha. Kwa magari haya redio ni sehemu ya kompyuta, na kazi hufanywa kwa programu. Omba ifanywe kabla hujalipa pesa ya mwisho, ujaribu mwenyewe ukiwa umekaa kitini.

Yaliyotoka Uingereza huongea Kiingereza na kushika stesheni zote. Lakini husoma maili badala ya kilomita, jambo linalofanya tarakimu ya dashibodi ionekane ndogo kuliko ukweli, na huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Lichungulie chini. Chumvi huanza kula mahali ambapo hakuna mtu anayepaosha.

8. Mafuta si hoja kubwa

Kompyuta za magari yote mawili zilinisomea kilomita 12 hadi 13 kwa lita kati ya Homa Bay na Rongo, nikiendesha kama mama wa watoto. Kitabu cha BMW kinapendekeza petroli ya okteni 95 na kuruhusu isiyopungua 91. Nunua kituo chenye wateja wengi, subiri EPRA watangaze bei mpya kila tarehe 14, ulalamike na wenzako. Anayeogopa bei ya petroli asibaki kwenye ukurasa huu; aangalie Vitz.

9. Nyota ya mbele ina gharama zake matangani

Nilimwonyesha mama mkwe picha za magari hayo mawili kwenye simu. Alivaa miwani, akatazama kwa utulivu wa mtu anayechagua mbuzi sokoni, kisha akaweka kidole juu ya nyota ya Mercedes. "Nyar Suna," akaniambia, maana yake binti wa Suna, "hii itatumaliza na michango."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Huku kwetu mazishi ni mkutano wa hadhara, na anayesimamia mchango huanza kwa kutazama palipoegeshwa magari. Neno wabenzi lina umri wa uhuru wetu, na bado halijazeeka. Mwenye Mercedes husogezwa kwenye viti vya mbele, hutambulishwa kwa jina, na kikapu kikifika kwake elfu mbili zinaonekana kama tusi. BMW inaheshimiwa pia, hasa na vijana, ila wazee wengi huiona kama gari dogo tu. Kwa mwanasiasa nyota hiyo ni mtaji. Kwa muuza dawa ambaye wateja wake hukopa, ni tangazo kwamba faida ni kubwa mno.

Na bima pia hutazama thamani. Bei nilizotajiwa zilikuwa karibu milioni 3.6 kwa 320i na milioni 4.4 kwa C200. Kwa bima kamili ya asilimia 4, ambayo ndiyo niliyopewa, hiyo ni 144,000 dhidi ya 176,000 kila mwaka.

10. Lile unalolipenda, liendeshe mwisho

Kuhusu raha, nitasema bila kuzunguka. C200 ni tulivu zaidi ndani. Viti vyake, mbao zake, ule mlango unavyojifunga kwa sauti nzito, vyote vinakuambia umefika. Kwa safari ndefu ya kwenda Nairobi na mume wangu akiwa amelala kando, ningechagua hiyo. Lakini kuna kona kadhaa kabla ya kufika Homa Bay, pale ziwa linapojitokeza na mlima Asego uko mbele yako, na hapo 320i inakuwa kitu kingine. Usukani unakuambia kila gurudumu liko wapi. Uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na unauhisi kiunoni. Ndiyo maana nilijiwekea sharti la kukagua karatasi, rula, matairi na fundi kabla ya kushika usukani. Ukianza na kona za Homa Bay, karatasi ya mnada hutaisoma tena kwa macho mazuri.

Nilinunua 320i Luxury, ya kijivu, injini B48, rimu za inchi 17, gredi 4, yenye A1 mbili na U1 moja ambazo nilizitafuta kwa kidole hadi nikazipata. Kijana wa Kisumu aliisoma kwa ISTA kabla sijalipa, na kilomita zilipatana kote. Sikumaliza pesa zangu zote kwenye bei. Nilibakiza akiba ya oili ya giaboksi, kinga ya chuma ya chini ya injini, na tairi tano za kawaida za 225/50. Ya tano ndiyo akiba, nayo imekula nusu ya buti, kwa hiyo katoni za dawa za Homa Bay sasa husafiri kwenye kiti cha nyuma, zikiwa zimefungwa mkanda.